Uchambuzi wa kisa: mijusi wa mawe waliokufa kwa joto katikati ya msimu wa baridi Dodoma

Kisa hiki ni cha shule moja ya sekondari hapa Dodoma. Jina la shule, la mwalimu na la mtaa nimeyaondoa, na mwalimu mwenyewe karidhia kiandikwe kwa sababu anajua shule nyingi zinafuga viumbe maabara bila kuelewa viumbe hao wanaishije. Mimi naandika kama mtu niliyeitwa kusaidia, kazi yangu ni kufuatilia reptilia porini na Dodoma nimeizunguka sana kwa kazi hiyo.

Kisa kilipoanzia

Shule ni ya kutwa, ipo pembeni ya jiji, upande ule wenye majabali ya graniti mpaka nyuma ya vyoo vya wanafunzi. Majabali haya yana wenyewe. Kuna mjusi wa mawe, dume lake lina kichwa chekundu cha kuelekea rangi ya chungwa na mwili wa bluu, linakaa juu kabisa ya jiwe na ukipita linakupigia pushapu. Wataalamu wanamwita Agama dodomae, jina alilopewa na Arthur Loveridge mwaka 1923, yaani Dodoma yetu imo ndani ya jina la huyu mjusi na wengi tuliokulia huku hatujawahi kuambiwa.

Klabu ya sayansi ilitaka kuonyesha kitu cha hapa hapa kwenye maonyesho ya shule mwishoni mwa mwezi wa saba. Mwalimu wa baiolojia akaongea na watu wa maliasili kwanza, wakamkubalia kwa muda mfupi na kwa masharti ya kuwarudisha, halafu wanafunzi wakakamata mijusi saba, madume matatu na majike manne. Fundi seremala akawatengenezea boksi la plaiwudi lenye urefu wa mita moja hivi, mbele kioo, juu wavu, chini mchanga na kipande kimoja cha tofali la kuchoma. Boksi likawekwa kibarazani mwa maabara, upande wa kusini, kwa sababu pale hapapiti watu wengi na upepo haupigi sana.

Huo upande wa kusini ndo wa kuangalia vizuri. Dodoma tupo kusini mwa ikweta kidogo tu, nyuzi 6 hivi, kwa hiyo jua halipiti upande uleule mwaka mzima. Mwezi wa sita na wa saba linapita upande wa kaskazini, na kibaraza cha kusini chenye paa refu hakipati jua hata kidogo tangu asubuhi mpaka jioni. Desemba inageuka, jua linapita kusini na kibaraza kilekile kinaungua. Mwalimu alipachagua mahali pale akiwa anakumbuka mwezi wa kumi na mbili mwaka uliopita, alivyokuwa analikimbia jua na vitabu vyake.

Na mwezi wa saba Dodoma ni baridi jamani, watu wa Dar wakija wanashangaa. Usiku inashuka mpaka nyuzi 13 au 14, asubuhi kuna upepo wa kukata masikio, mchana inapanda mpaka 26 au 27.

Siku za kwanza: mijusi hawali

Wiki ya kwanza mijusi hawakugusa chakula. Wanafunzi walikuwa wanaleta panzi na mende kila siku, panzi wanatembea juu ya migongo ya mijusi na mijusi wametulia tu. Madume yakapoteza rangi yote, bluu ikaondoka na chungwa ikaondoka, wakawa weusi weusi wa kahawia kama majike, macho nusu yamefumba. Mwanafunzi mmoja mwenye huruma akaanza kuwafungua midomo na kuwalisha panzi kwa nguvu.

Mwalimu akahisi wanaumwa, na dalili zote alizoziona ukimsimulia mtu yeyote atakwambia huyo mnyama anaumwa. Ila kwenye kile kibaraza joto lilikuwa halizidi nyuzi 21 hata mchana. Mjusi wa mawe akiwa kazini kwake porini anashikilia mwili kwenye nyuzi 35 mpaka 38 hivi, na joto hilo hatengenezi mwenyewe ndani kama sisi tunavyochoma chakula tukapata joto, analitoa nje, kwenye jua na kwenye jiwe lililopigwa na jua. Kwenye nyuzi 21 misuli yake ni mizito, na tumbo lake karibu halifanyi kazi. Yule aliyelishwa panzi kwa nguvu alikuwa anabebeshwa chakula ambacho hawezi kukisaga, na chakula kikikaa tumboni bila kusagwa kinaweza kuozea humo humo.

Ile rangi nyeusi nayo ina kazi yake. Mjusi wa aina hii akiwa na baridi ngozi inakuwa nyeusi ili inyonye jua zaidi, akishapata joto lake ndo dume linafungua rangi. Kwa hiyo wale madume walikuwa siku nzima wamejiandaa kupokea jua, na jua halikuja.

Siku ya jua

Mwalimu akafanya uamuzi ambao kwa alichokuwa anakijua ulikuwa na mantiki kabisa. Vitabu vinasema mjusi ni mnyama wa damu baridi, anahitaji jua, basi apewe jua. Saa nne asubuhi boksi likahamishiwa katikati ya uwanja, kioo kikaelekezwa kaskazini kulipo jua. Na kwa sababu kuna mwewe wanazunguka pale na paka wa nyumba za walimu, juu ya wavu pakafunikwa kipande cha bati, pakaachwa upenyo mdogo tu.

Mwanzo ilipendeza sana. Ndani ya muda mfupi mijusi wakachangamka, dume mmoja akapanda tofali akaanza kupiga pushapu, rangi ikarudi, wanafunzi wakashangilia kwelikweli. Kengele ikalia, wakaingia darasani.

Walirudi saa saba mchana. Mijusi wawili, dume na jike, walikuwa wamekufa wameegemea kona ya boksi karibu na kioo. Wengine watano walikuwa midomo wazi, wanahema haraka, mmoja anajaribu kusimama miguu inamtoka. Mlinzi wa shule, mzee wa Kigogo, ndo aliyesema litolewe hilo bati haraka na boksi lisogezwe kivulini, na wakati wanafunzi wanakimbilia ndoo ya maji ya kisima wawamwagie, mwalimu akanipigia simu.

"Kaka, mijusi wangu wanakufa, sijui wamekula sumu, sijui ni ugonjwa, na leo hewa ni nyuzi 27 tu, baridi kabisa, haiwezi kuwa joto hii."

Nikamuuliza boksi liko wapi na juu limefunikwa nini. Alipojibu nikamwambia Mwalimu, ni joto, na maji ya ndoo yaache kwanza.

Tulichoamua, na sababu zake

La kwanza lilikuwa kuwapoza bila kuwashtua. Mjusi aliyezidiwa na joto anahitaji kivuli, hewa inayopita na sehemu ya kulalia yenye unyevu kidogo, basi wakawekwa juu ya kitambaa kilicholowanishwa na kukamuliwa, kwenye beseni pana, chini ya mti. Kumzamisha kwenye maji ya baridi mnyama ambaye mapigo yake tayari yamevurugika ni kumwongezea shida. Wote watano walipona jioni ile, ingawa mmoja, lile dume dogo, aliendelea kuwa dhaifu.

La pili lilikuwa ubishi mkubwa: warudishwe majabalini siku hiyohiyo au wabaki? Mkuu wa shule, madam mmoja anayependa sana sayansi, alitaka wabaki kwa ajili ya maonyesho. Mimi nilitaka warudi. Mwalimu akaleta hoja ya katikati ambayo ilinishawishi, kwamba mjusi aliyetoka kuzidiwa ukimwachia jioni kwenye baridi na upepo hana nguvu ya kumkimbia mwewe wala nyoka, kwa hiyo wakae mpaka wawe wanakula na kukimbia vizuri, na muda huo boksi livunjwe lijengwe upya. Tukakubaliana hivyo, na kwa sharti kwamba kabla ya fundi kugusa mbao, wanafunzi waende kwanza wakamwangalie mjusi mwenyewe anafanyaje kule majabalini.

La tatu lilikuwa kupima badala ya kubahatisha. Shule ilikuwa na ile bastola ya kupimia joto iliyobaki tangu kipindi cha korona. Wengi hawajui ina modi mbili: modi ya kupima mwili wa mtu inasoma kuanzia nyuzi 32 mpaka 43 hivi tu, ukiielekeza kwenye jiwe la moto inakuandikia kosa, inabidi uibadilishe iende modi ya kupima vitu. Halafu ukiwa mbali inapima na jiwe lililomzunguka mjusi, lazima usogee karibu, na ukisogea karibu mjusi anakimbia. Kwa hiyo kwa mawe ilitufaa sana, kwa mijusi kidogo tu.

Ndo tukatengeneza mijusi wa bandia. Fundi wa mafriji alitupa vipande vya bomba la shaba, tukavikata urefu wa mwili wa mjusi, tukavipaka rangi ya kijivu inayokaribiana na ngozi yake, ndani tukaingiza ncha ya kipimajoto cha waya na kuziba pande zote. Njia hii watafiti wanaitumia miaka mingi. Shaba nyembamba inapata joto na kupoa haraka, kwa hiyo inakuonyesha mwili wa saizi ile ungefika nyuzi ngapi ukikaa pale na usihame. Kipimajoto cha hewa hakikupi hilo hata kiwe cha bei gani.

Majabalini

Hapa wanafunzi walifanya kazi nzuri ambayo sijaiona hata kwa watu wazima. Waligawana zamu kuanzia saa moja asubuhi, wamevaa masweta, wamekaa mbali na jiwe moja kubwa, wanaandika.

Saa moja na saa mbili hakuna mjusi hata mmoja. Mzee mlinzi alishawaambia, hawa hawatoki mpaka jua lipige jiwe. Saa mbili na nusu kichwa kimoja kikatokeza kwenye ufa, kichwa tu, mwili umebaki ndani. Hii inaonekana ndogo ila ina akili nyingi ndani yake, manake mjusi wa baridi ni mzito, akitoka mzima mzima mwewe anamchukua, basi anapasha kichwa kwanza huku ufa unamlinda. Baadaye akatoka, mweusi, akalala bapa kabisa kwenye sehemu ya jiwe iliyoelekea mashariki, tumbo limegusa jiwe, mbavu amezitanua mpaka akawa kama amekanyagwa, ubavu umelielekea jua. Hapo anachukua joto juu kutoka kwenye jua na chini kutoka kwenye jiwe.

Kufika saa nne dume lilikuwa na rangi kamili na linafukuza wenzake. Kuanzia saa sita mkao ukabadilika: amesimama miguu imenyooka, tumbo haligusi jiwe, mkia umeinuliwa, vidole vya nyuma vimenyanyuliwa, na uso umelielekea jua ili jua lipige sehemu ndogo ya mwili kadiri inavyowezekana. Baada ya muda anashuka upande wa kivuli, anakaa, anarudi juu. Mwanafunzi mmoja aliandika kwenye daftari lake "anatoka, anaingia, anatoka, anaingia, mpaka nimechoka mimi". Mchana mzima maisha yake ndo hayo, na katikati ya hizo safari anakula sisimizi na kuangalia majike.

Mijusi wa bandia wakatupa namba. Saa saba mchana, hewa nyuzi 27, wa juu ya jiwe kwenye jua alisoma 44, wa kwenye kivuli cha jiwe 29, wa ndani ya ufa 24. Wa kibarazani kwa maabara alibaki 20. Na tulipolirudisha lile boksi tupu uwanjani na bati lake vilevile kama siku ile, wa ndani ya boksi alipita 50 kabla ya saa saba na hakushuka mpaka jua lilipopinda.

Mjusi huyu mwili ukipita nyuzi 43 hivi anaanza kushindwa kusimama, akizidi hapo muda kidogo anakufa. Kwa hiyo hata porini kuna sehemu inayoweza kumuua, juu ya jiwe pale, hewa ikiwa 27. Hafi kwa sababu hatua chache kutoka hapo kuna sehemu ya nyuzi 29 na nyingine ya 24. Ndani ya boksi kila kona ilikuwa 50. Ni kama gari lililofungwa vioo juani, nje watu wamevaa makoti na ndani hakukaliki.

Boksi la pili, na tatizo ambalo halikutarajiwa

Fundi akaongeza urefu mara mbili, kioo kikaondoka, pande zote ndefu zikawa wavu ili upepo upite. Mwisho mmoja likawekwa jiwe bapa la graniti kwenye jua, mwisho mwingine mawe yamepangwa yakaacha nyufa za upana wa kidole gumba, juu yake paa la makuti. Katikati mchanga wa kina cha kuchimbika. Usiku upande wa upepo tunafunika kwa viroba. Kuna mwanafunzi alipendekeza balbu iwake usiku kucha, tukakataa, usiku wa nyuzi 13 mijusi hawa wanaulala kila mwaka ndani ya nyufa zao na wanaamka, kinachowamaliza ni asubuhi isiyo na jua siku baada ya siku.

Ndani ya siku chache wakaanza kula. Wanne. Wa tano, lile dume dogo, akazidi kukonda, muda wote yuko upande wa kivuli, mweusi.

Ilichukua macho ya msichana mmoja wa kidato cha pili kuliona. Jiwe la kuota jua lilikuwa moja, na dume kubwa lilikuwa limelimiliki. Dogo likikanyaga tu ukingo wa jiwe linafukuzwa, linarudi kwenye baridi. Joto lilikuwepo ndani ya banda, ila yeye hakuwa na ruhusa ya kulifikia. Tukaongeza mawe mawili ya kuotea, moja nyuma ya rundo la mawe ambapo dume kubwa halioni. Dogo likaanza kuota jua, likala, ila mwili ulishaisha sana na tukaamua lirudishwe majabalini mapema kuliko wengine, saa nne asubuhi jiwe likiwa limeshapata moto, palepale lilipokamatwa.

Wanne waliobaki walikaa mpaka maonyesho yakaisha, wakarudishwa saa ileile ya asubuhi. Hatukuwawekea alama, kwa hiyo walivyoishi baada ya hapo siwezi kukuandikia.

Swali la mwanafunzi wa Lushoto

Siku ya maonyesho mwanafunzi mmoja aliyetokea Lushoto aliuliza, sasa kwetu kwenye msitu na ukungu mjusi anaota jua wapi? Akaongeza kwamba nyumbani kwao asubuhi kinyonga anakuwa mweusi upande mmoja. Kaona vizuri, kinyonga ana uwezo wa kugeuza ubavu ulioelekea jua ukawa mweusi na ubavu wa pili ukabaki na rangi nyepesi.

Swali lake ndo kiini cha hili jambo lote. Kila mjusi anacheza na kile hali ya hewa ya kwao inachompa. Kisiwani Puerto Rico, Raymond Huey aliandika mwaka 1974 kuhusu mjusi mmoja, Anolis cristatellus: sehemu za wazi anaota jua na kushikilia joto lake, ila ndani ya msitu, ambako vipande vya jua viko mbalimbali, mjusi wa aina ileile anaacha mwili ufuate tu joto la hewa. Kulifuata jua kunagharimu nguvu na kunamweka kwenye macho ya adui, gharama ikizidi faida anaacha. Kwa hiyo kijana wa Lushoto nikamwambia, mijusi wengi wa msituni wameridhika na mwili wa baridi kuliko huyu wa kwetu, ukimleta yule kwenye jiwe la Dodoma saa saba unamuua.

Juu ya milima ya Andes huko Peru, zaidi ya mita 4,000, Oliver Pearson alieleza mwaka 1954 mijusi wanaotoka hewa ikiwa karibu na kuganda, wanalala juu ya majani yaliyosongamana ili ardhi ya barafu isiwaibie joto, na jua kali la mlimani linaupeleka mwili nyuzi 30 na zaidi. Kule jangwa la Namib kuna mjusi wa mchangani, Meroles anchietae, mchanga ukichemka anainua miguu kwa zamu, mmoja wa mbele na wa nyuma upande wa pili, vikizidi anazama mchangani. Iguana wa baharini, mjusi mkubwa wa visiwa vya Galápagos, anaingia kwenye maji baridi kula mwani, akirudi analala juu ya miamba myeusi naye ni mweusi, na moyo wake unapiga haraka anapojipasha na polepole anapopoa ili joto liingie upesi na litoke taratibu. Kaskazini ya Ulaya kabisa, Norway na Sweden, kuna mjusi anayeitwa Zootoca vivipara ambaye katika maeneo hayo hatagi mayai ardhini, anabeba watoto tumboni na kwenda nao juani, kwa sababu udongo wa kule ni wa baridi mno kwa yai. Na mijusi wa ukutani, hawa wanaokula wadudu kwenye taa usiku Dar na hata hapa kwetu, jua hawalihitaji moja kwa moja, wanachukua joto ambalo ukuta ulilimeza mchana.

Kilichofanya kazi na kilichoshindikana

Kilichoua ni lile boksi la kwanza kwenye uwanja, hilo halina ubishi, ila chanzo chake kilianza kabla, kwenye sentensi ya "mnyama wa damu baridi anahitaji jua". Nusu yake ni kweli na hiyo nusu ndo hatari. Jina lenyewe la damu baridi linapoteza watu, mjusi wa mawe saa tano asubuhi damu yake ina joto kama ya kwako na wakati mwingine kuzidi. Raymond Cowles na Charles Bogert walishaonyesha mwaka 1944, kwa reptilia wa jangwani Marekani, kwamba wanyama hawa wanashikilia joto la mwili kwenye kiwango chao kwa tabia, kwa kuhama na kubadili mkao, na jua la jangwani linawaua haraka wakizuiwa kufika kivulini. Mjusi anahitaji sehemu ya moto, sehemu ya baridi, na njia iliyo wazi kati ya hizo mbili. Kibaraza kilimnyima ya kwanza, uwanja ukamnyima ya pili, na jiwe moja lenye dume kubwa juu yake likamnyima dume dogo njia.

Kusoma hewa badala ya kusoma mwili ndo kosa la pili kwa uzito. Ile "hewa ni 27" ya mwalimu ilikuwa sahihi na haikumsaidia kitu. Ningekuwa na uwezo kila maabara ya shule ingekuwa na vipande vitatu vya bomba la shaba, ni bei ya soda na vinafundisha kuliko chati.

Kuhusu ugonjwa, mwalimu alikuwa na hofu ya kweli na inafaa ijibiwe. Miaka ya 1970 Matthew Kluger na wenzake waliwapa iguana wa jangwani bakteria, iguana wakaenda wenyewe kukaa sehemu yenye joto zaidi wakajipandishia homa, na waliozuiwa kupata joto hilo walikufa wengi zaidi. Maana yake hata kama mijusi wale wangekuwa wanaumwa kweli, kuwafungia mahali pa joto la aina moja kungekuwa kuwanyang'anya dawa waliyonayo.

Kilichofanya kazi zaidi ya vyote ni zamu za kule majabalini. Boksi la pili lilijengwa kutoka kwenye madaftari ya wanafunzi, upana wa nyufa walipima kwenye nyufa walizoona mijusi wakiingia. Kosa la jiwe moja lilitokea kwa sababu walikuwa wameandika mjusi anafanya nini na hawakuandika nani anamfukuza nani, na lilionekana mapema kwa sababu tayari walikuwa na tabia ya kukaa kimya na kuangalia.

Kuna jambo limebaki linanisumbua na nitalisema. Mwaka 2010 Barry Sinervo na wenzake walichapisha kwamba huko Mexico, katika maeneo 200 waliyorudi kuyakagua, asilimia 12 yalikuwa yamepoteza mijusi wake tangu 1975. Sababu waliyoieleza ni kwamba jua linapozidi mjusi analazimika kujificha saa nyingi zaidi kwa siku, muda wa kula unapungua, hasa majike wakati wa kutengeneza mayai. Hapa Dodoma mwezi wa kumi na wa kumi na moja joto linapita nyuzi 30 na mawe yanakuwa hayakanyagiki, na kinachowabeba mijusi ni nyufa na vivuli vya vichaka kwenye mawe. Jiji linakua, nyumba zinahitaji kokoto, na majabali yanayopasuliwa ni hayahaya. Jabali likishakuwa kokoto mjusi anabaki na jua peke yake.

Klabu haifugi mijusi tena. Mijusi wa shaba wamebaki, na mpango wa mwalimu ni kuwapeleka kwenye lile jiwe kubwa mwezi wa kumi, mmoja juu, mmoja kivulini, mmoja ndani ya ufa na mmoja kwenye rundo la kokoto upande wa barabarani, wasome namba kila nusu saa tangu asubuhi mpaka jioni waone zamu ya kujificha inaanza saa ngapi.